Masanga ya Mwenda Jean Bosco: mliojifunza kwa sikio mliingilia wapi?

fundi_nyaya (Morogoro)

Wakuu habari za jioni. Nina swali na mtaani kwangu sina wa kumuuliza, wapigaji ninaowajua ni wa kanisani na wa bendi za harusi, ukiwatajia Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa zamani wa Kongo, wanakwambia hizo za mababu achana nazo.

Mimi napiga gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kwa mapenzi tu, riziki yangu ni umeme wa majumbani. Sijasomea muziki popote, nota sizijui, najua solfa za kwaya basi. Kuna kipindi nilijiunga na darasa la jioni sehemu fulani, mwalimu akanisikia napiga akaniuliza hii umeitoa kitabu gani, nikamwambia nimeisikia tu, akasema basi huko siyo kupiga, anza upya kwa karatasi. Iliniuma sana, nikaacha kwenda, na gitaa nikaliweka juu ya kabati likakaa karibu mwaka mzima.

Kilichonirudisha ni Masanga, wimbo wa huyo Mwenda. Nilikuwa Kihonda naunga nyaya kwenye nyumba ya mzee mmoja, yuko sebuleni na redio yake ya flashi, ikaanza gitaa moja peke yake, nikashuka kwenye ngazi nikakaa chini na bisibisi mkononi mpaka ikaisha. Nikamwambia mzee wanapiga vizuri sana hawa, akasema hawa nani, huyo ni mtu mmoja na anatumia vidole viwili. Nikafikiri ananitania. Niliporudi nyumbani nikatafuta kwenye simu, kweli, Mwenda peke yake, gumba na kidole cha shahada, imerekodiwa 1952 huko Katanga, Kongo.

Sasa nina miezi mitatu nayo. Nimeipunguza spidi kwenye simu mpaka nusu, nimepata kama sekunde 20 za mwanzo na hapo nimekwama, kwa mambo haya. Kwanza sijui hesabu inaanzia wapi, nikipiga mguu leo naona pigo liko hapa, kesho nikisikiliza naona liko pale, kama wimbo unageuka wenyewe. Pili gitaa langu nikilityuni kwa programu ya simu halikubaliani na rekodi, linakuwa katikati ya freti mbili. Tatu, nikisikiliza vizuri naona kile kipande kikirudi harudii vilevile, anabadilisha, sasa nijifunze kipi? Mliopita njia hii naombeni mnishike mkono.

mzee_wa_chupa (Kakamega)

Kijana wangu karibu sana, na hilo gitaa usilirudishe tena juu ya kabati.

Sisi huku Magharibi mwa Kenya hii muziki tumelelewa nayo. Marehemu baba mdogo alikuwa akifanya kazi Nairobi 1959 wakati Mwenda alikuja kukaa kama miezi sita hivi, akawa na kipindi chake kwa redio, na baba mdogo alikuwa anatuambia kwamba siku ya kipindi watu walikuwa wanasimama nje ya nyumba yenye redio wakiwa na gitaa mkononi. Hawakuwa na kitu cha kurekodi. Unasikia mara moja, unakimbia nyumbani ukiimba njiani isikutoroke, unatafuta kwa nyuzi, na kama imepotea unangoja wiki ijayo. Hivyo ndivyo walivyojifunza, na wengi wakatoka na mtindo wao wenyewe kwa sababu kile kilichopotea njiani walikijaza na cha kwao.

Sasa swali lako la hesabu. Weka gitaa chini kabisa. Kwa wiki moja usilishike. Chukua chupa ya soda ile ya Fanta ya zamani yenye mistari, na chuma kidogo, msumari hata. Wazee wetu kama George Mukabi walipigiwa hiyo chupa nyuma ya gitaa na siyo mapambo, chupa ndiyo inakuambia uko wapi. Cheza rekodi, gonga chupa, na uimbe besi peke yake kwa mdomo, dum, dum, ile ya gumba tu. Achana na za juu hata kama ndizo tamu. Ukiweza kuimba besi kutoka mwanzo mpaka mwisho bila rekodi ndipo urudi kwa gitaa. Mimi nilikuwa nafanya kosa lako hilohilo, nilikuwa nafuata sauti ya juu kwa sababu ndiyo inaita, na sauti ya juu ya Mwenda inakupeleka porini, inaingia kabla ya pigo au baada yake, mara chache inaingia juu yake. Gumba chini anahesabu mbili, shahada juu anahesabu tatu, na sikio lako linataka kuchagua moja. Usichague.

solfa_tamu (Dodoma)

Pole kwa yule mwalimu, alikosea sana, ila naomba niseme neno la kutetea karatasi kidogo maana naona uzi unaelekea kuitukana.

Mimi ni mwalimu wa kwaya zaidi ya miaka ishirini na kwetu bila solfa wimbo hauingii. Masanga niliiandika yote, kila noti, ikanichukua likizo nzima ya Desemba. Na siko peke yangu, kuna mtafiti anaitwa David Rycroft aliandika magitaa ya Mwenda kwa nota na yakachapishwa mwaka 1961 na 1962 kwenye jarida la African Music, watu wazima kabisa wakakaa kuhesabu kila pigo. Kwa hiyo karatasi ipo na ina heshima yake, inakuonyesha kitu ambacho sikio lilipita bila kukiona, mimi kwa mfano nilikuwa nasikia noti nne mahali ambapo ziko tatu.

Lakini sitakuficha. Nilipomaliza kuandika nikampa kijana wangu mmoja anasoma solfa kama maji, akaipiga sahihi kabisa, kila noti mahali pake, na haikuwa Masanga. Nilikaa pale nikashindwa kumwambia amekosea wapi maana hakukosea. Ikabidi nimpe spika aisikilize wiki mbili bila karatasi, ndipo mkono wake ukalainika. Ushauri wangu ni sikio kwanza, karatasi baadaye ya kuhakiki pale unapobisha na nafsi yako.

rpm78 (Dar)

Nijibu hilo la kutyuni maana limewachosha watu wengi bure.

Gitaa lako halina shida na sikio lako halina shida. Hizi rekodi zilitoka kwenye santuri za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika, lebo ya Gallotone, na ukihamisha santuri kwenda kwenye kompyuta, mashine ikizunguka haraka kidogo wimbo mzima unapanda, ikizunguka taratibu unashuka. Halafu mtu aliyekaa na gitaa lake barazani Jadotville mwaka 1952 alikuwa anatyuni nyuzi zikubaliane zenyewe kwa zenyewe, basi, hakuna aliyekuwa na programu ya simu. Kwa hiyo zima hiyo programu. Cheza rekodi, tafuta uzi mmoja anaoupiga wazi, besi ni rahisi zaidi, legeza au kaza wa kwako mpaka zishikane, kisha tyuni zingine kwa huo. Dakika tano. Usitumie kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, kuifukuza rekodi, utaishia na sauti kali ya juu ambayo siyo yake.

Na ukipunguza spidi usishuke chini ya asilimia 70. Ukifika nusu noti zinaonekana vizuri lakini mwendo unakufa, unajifunza maiti.

Kitu kingine nje ya mada kidogo, wazee wa Tanganyika waliita gitaa kavu galatoni, hata leo utasikia, na neno hilo linatokana na magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, jina lilelile la lebo iliyotoa nyimbo za Mwenda. Gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone pia. Kila nikilifikiria hilo nafurahi, kijana wa Liverpool na vijana wa Kariakoo walianzia kwenye mbao za aina moja.

fundi_nyaya

Nawashukuru sana aisee sikutegemea majibu ya namna hii. Mzee wa chupa nimepata chupa ya Fanta kwa mama ntilie hapa jirani, naanza leo. Mkuu wa Dar nimejaribu ya kutyuni sasa hivi, imekubali, nilikuwa nimeshafikiri masikio yangu yana kasoro.

Bado lile la tatu, anavyobadilisha. Nifuate kipi?

mutoto_wa_katuba (Lubumbashi)

Bonjour ba ndugu. Miye niko huku ku Lubumbashi, Swahili yangu ni ya kwetu mutanisamehe. Nimesoma yote mwaandika na roho imefurahi, juu bantu ba mbali bangali banasikilizaka muzee wetu.

Mwenda alikuwaka muntu wa Bunkeya, kabila yake Muyeke, njo maana alijiitaka Mwenda wa Bayeke. Jadotville yenye munaandika leo ni Likasi. Hugh Tracey, ule muzungu alikuwa anarekodi muziki, alimukuta kule mu njia, anatembea na gitaa yake, alikuwa kijana wa myaka makumi mbili na mbili tu. Na hakusomea muziki ku masomo. Alisikiliza ngoma za kwetu, alisikiliza masantiri za ba Cuba, Trio Matamoros, aliona na masinema za ba cowboy, ile yote ikaingia mu kichwa yake ikatoka kintu ingine yenye haikukuwako mbele. Muntu anaulizaka ni muziki ya wapi. Ni yake.

Baba yangu mukubwa alikuwaka anapiga mu mabare za Katuba, mutaa wa huku Lubumbashi, na akitufundisha alikuwa anasema: musiangalie mukono ya kushoto, muangalie ya kuume. Kushoto hakuna kintu ya kushangaza, ni maposition za kila muntu. Maneno yote iko mu vidole viwili vya kuume. Gumba na shahada vinatembea kama vile muntu anapiga likembe, ile ya vyuma wanapigaka na magumba, moya anauliza, mwingine anajibu, na hawangojane. Kama uko na muntu karibu anajua likembe, kwenda kumuangalia mikono, utaelewa mu siku moya kitu yenye ulitafuta myezi tatu.

Na ile swali yako ya kubadilisha: ndugu, iko vile. Kwetu wimbo haina sura moya. Bazee bakipiga leo inatoka hivi, kesho inatoka vile, na njo ile wimbo. Ile ya 1952 ni siku moya tu ya Masanga. Mulipenda mujue na maana: masanga njia, ni fasi njia zinakutana. Unafika pale, unachagua. Jifunze kwanza vipande tatu ao ine vyenye anarudiliaka, uvijue sana, halafu wewe mwenyewe unachagua utatoka njia gani.

mzee_wa_chupa

Mutoto wa Katuba umesema kitu nimetafuta maneno yake miaka mingi. Hapo kwa likembe hasa. Huku kwetu vijana waliomsikia Mwenda walichukua ule mkono wa kulia na kuupeleka kwa nyimbo zetu za lugha zetu, na ndiyo ikazaa omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya. Na hata benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, ukitega sikio utasikia hilo gitaa linaloongea peke yake bila kungoja.

Na nimkumbushe kijana kitu kimoja ambacho watu husahau. Mwenda anaimba pia. Kuna nyimbo zake mkono unaenda hivyo na sauti juu yake inaenda kwake, taratibu, kama mtu anazungumza na jirani. Sikiliza Tambala Moja, sikiliza Bombalaka. Mimi Bombalaka niliipata kwa kuimba tu nikiwa shambani, jembe ndilo lilikuwa chupa yangu, na siku nilipoketi na gitaa mkono ulijua pa kwenda. Sikuamini, nilimwita mke wangu aje asikie.

kamba_ya_tano (Mombasa)

Mimi naingia kama mbishi kidogo. Nampenda Mwenda kuliko wote, lakini hii "usifuate rekodi, chagua njia yako" kwa mtu aliye sekunde ya 20 naiona mapema mno. Mimi nilianza kubadilisha kabla sijajua, na nilikuwa nabadilisha zile sehemu ngumu tu. Pale kidole kiliposhindwa nikasema huu ni mtindo wangu. Baada ya mwaka nikajikuta napiga kitu chepesi ambacho hakina hata mifupa ya Masanga, na ilinibidi nirudi mwanzo kabisa.

Kwa hiyo fundi, chukua hicho kipande chako cha sekunde 20 na uking'ang'anie mpaka kiwe sawa na chake, hasa pale panapouma. Mimi palinipa taabu ni pale besi inashuka wakati shahada inapanda, vidole vinapishana, na mkono ulikuwa unataka viende pamoja. Nilipiga hicho kipande kimoja kila jioni baada ya kula, robo saa bila wimbo mwingine wowote, wiki kama sita. Siku ya kuachia nilikuwa naongea na ndugu yangu huku mkono unapiga, nikashtuka ni mkono wangu.

Halafu usitumie ncha ya plastiki, najua wengine wanapenda. Nyama ya gumba na kucha fupi ya shahada, vile viwili vinatoa sauti mbili tofauti na ndiyo maana ulifikiri ni watu wawili.

solfa_tamu

Naungana na wa Mombasa, na siyo kupingana na wa Lubumbashi. Wazee wa Katuba walibadilisha kwa sababu walizaliwa ndani yake, sikio lao lilikuwa limejaa kabla hawajashika gitaa. Sisi wa mbali inabidi tulijaze kwanza. Njia ni kusikiliza mengi, siyo Masanga peke yake. Sikiliza binamu yake Edouard Masengo, sikiliza Losta Abelo, ule udongo wote wa Katanga. Na msikilize Mwenda mwenyewe uzeeni, alirekodi albamu Cape Town mwaka 1988, miaka 36 baada ya ile ya kwanza na miwili kabla hajafariki kwa ajali ya gari Zambia. Mkono umetulia zaidi, haukimbii, lakini lile swali na jibu la vidole viwili halijasogea. Ukisikia yaliyobaki baada ya miaka yote hiyo, unajua nini hakipaswi kuguswa.

mutoto_wa_katuba

Solfa tamu, kweli. Miye nilizaliwa mu ile masauti, sikufikiri juu ya muntu wa inje. Fundi, anza na ya ndugu wa Mombasa. Kisha njo uje ku njia panda.

fundi_nyaya

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tano sasa tangu niweke uzi.

Wiki ya kwanza sikushika gitaa kama nilivyoambiwa, nilikuwa naimba besi kazini huku navuta nyaya, msaidizi wangu naye akaishika, ikawa mmoja anaimba besi mwingine anagonga bomba la plastiki kwa koleo. Siku ya nne nikiwa darini kwenye joto la mabati, nikaigundua. Nilikuwa nahesabu kuanzia ile noti ya juu ya kwanza kwa sababu ndiyo inasikika mwanzo, kumbe ile ni ya kuchokoza tu, pigo lenyewe liko kwenye besi inayofuata. Nilikuwa nimechelewesha wimbo mzima kwa noti moja miezi mitatu yote! Nilipoisogeza, ule ugeukaji ukaisha, kila kitu kikakaa. Nililia kidogo wakuu sitaficha, nilikuwa peke yangu kule juu.

Mutoto wa Katuba, hapa Moro kuna kijana Mgogo anauza mitumba sokoni na anapiga ilimba jioni, ni ndugu na likembe. Nilikwenda kumtazama mikono kama ulivyosema. Gumba mbili, moja haijali mwenzake anafanya nini, ila hazipotezani. Nilimchezea Masanga kwenye simu, akaisikiliza mara moja tu, akachukua ilimba akaanza kuijibu. Siyo Masanga ile, ilikuwa ya kwake, lakini ilikaa juu ya besi bila kuteleza. Hajawahi kumsikia Mwenda maishani. Sasa tunakutana kila Jumamosi nyuma ya vibanda.

Sekunde 20 zimepita, niko ya 41. Pale pa kupishana vidole bado, kaka wa Mombasa, robo saa kila jioni naendelea, mke wangu anakijua kipande hicho kwa mdomo sasa. Na jana nilikwenda Kihonda kwa yule mzee, nilikuwa na sababu ya swichi moja, nikabeba na gitaa. Nikampigia nilipofikia. Hakusema kitu, akainuka akaenda ndani, akarudi na chupa tupu na kijiko, akakaa, akasema anza tena.

mzee_wa_chupa

Rekodi hiyo na simu utume hapa. Na mzee agonge karibu na simu.